Kachoma nyumba, kapewa faini: hatua za kufuata ukitaka adhabu ipitiwe upya

Mama mmoja kutoka kijiji cha pwani, upande wa kusini wa Tanga, alikuja tunapokaa sisi wasaidizi wa kisheria pale Ngamiani akiwa na mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko mlikuwa na kufuli lililobabuka kwa moto, jeusi, na komeo lake bado limeshikamana nalo. Nyumba yake ya makuti ilichomwa usiku, kaskazi ikivuma. Aliyechoma alitiwa hatiani, akapewa faini, akalipa, akarudi kijijini jioni ile ile. Mama hakuja kulia. Alikuja na swali moja: "Mwanangu, hii ndiyo basi?"

Siyo basi, nikamwambia, ila tarehe ya hukumu ilikuwa siku 34 zilizopita. Kama angekuja wiki moja kabla tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa. Naandika haya kwa ajili ya yule atakayekuja kesho, ili aje mapema na aje na kinachotakiwa.

Kwanza, jua rufani ni ya nani

Watu wengi huumia hapa. Kesi ya jinai ni kati ya Jamhuri na mshtakiwa. Wewe uliyeunguliwa ni shahidi na mwathirika, si mmoja wa pande mbili za kesi. Mshtakiwa asiporidhika, anakata rufani mwenyewe. Adhabu ikiwa nyepesi kupita kiasi, mwenye haki ya kukata rufani ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na kazi hiyo hufanywa na mawakili wa serikali walioko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Wewe huwezi kufungua rufani hiyo, hata ukiweka wakili wako wa kulipa.

Uingereza, kwa mfano, sheria ya 1988 iliweka utaratibu ambao mtu yeyote, hata asiyehusika na kesi, anaweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu aombe adhabu nyepesi mno ya kosa zito ipelekwe Mahakama ya Rufani, na muda waliowekewa ni siku 28. Kwetu hakuna mlango ulioandikwa hivyo kwa jina la mwananchi. Kuna barua yako na masikio ya wakili wa serikali. Kwa hiyo kazi yako yote ni kumfikia mtu huyo mapema, ukiwa na jambo la kumsaidia afungue jalada.

Yule mama hakulijua hilo. Siku zile 34 alizimalizia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akarudi polisi, akaenda kwa sheikh, akarudi tena kwa mwenyekiti. Wote walimwonea huruma. Hakuna aliyemwambia aende kwa waendesha mashtaka.

Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Kwa kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, Mkurugenzi wa Mashtaka anatakiwa kutoa notisi ya nia ya kukata rufani ndani ya siku 30 tangu adhabu itolewe. Petisheni yenyewe, yaani karatasi yenye sababu za rufani, iingie ndani ya siku 45, na siku zinazotumika kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) na hukumu hazihesabiwi humo.

Chukua kalenda ya ukutani. Adhabu ikitolewa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, na siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Usisubiri tarehe 2 Aprili. Wakili wa serikali anahitaji kusoma, kuomba kibali ndani ya ofisi yake na kuandaa notisi. Mimi huwaambia watu: wiki ya kwanza barua iwe imefika mezani. Ikifika wiki ya tatu unamkimbiza mtu, na mtu anayekimbizwa hasomi vizuri.

Muda ukipita, Mahakama Kuu inaweza kuruhusu rufani iliyochelewa ikipewa sababu ya msingi. Lakini anayeiomba ruhusa hiyo ni serikali, na itabidi ieleze kila siku iliyopotea ilipotelea wapi. "Mwathirika hakujua" ni sababu dhaifu mbele ya jaji, kwa sababu anayetakiwa kujua ni serikali, nayo ilikuwamo mahakamani siku ya hukumu.

Pata karatasi, kisha usome kurasa za mwisho

Nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, uandike barua fupi ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo, utaje namba ya kesi na majina ya pande zote. Kama huna namba ya kesi, askari mpelelezi anayo. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Muhuri huo wenye tarehe una thamani kuliko maneno mengi utakayoyasema baadaye.

Ukipata mwenendo, usianzie mwanzo. Fungua mwisho, baada ya neno la kumtia hatiani. Utakuta sehemu nne fupi, mara nyingine zote kwenye ukurasa mmoja: mwendesha mashtaka anasema kama mshtakiwa ana rekodi ya makosa ya nyuma, mshtakiwa anaomba kupunguziwa, hakimu anatoa adhabu na sababu zake, mwisho haki ya rufani inaelezwa. Rufani ya adhabu inaishi humo.

Nilipoisoma ile ya mama, sehemu ya mwendesha mashtaka ilikuwa na mstari mmoja: hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma, naomba adhabu kwa mujibu wa sheria. Basi. Mshtakiwa alisema ana watoto wanne na mama mgonjwa. Hakimu akaandika kwamba amezingatia kuwa ni mkosaji wa mara ya kwanza na ana familia inayomtegemea. Wajukuu wawili waliokuwa wamelala ndani walitajwa katikati ya ushahidi, ukurasa wa nane, na hawakutajwa tena. Kufuli halikutajwa popote. Mama alisema mlango ulifungwa kwa nje kabla ya petroli kumwagwa, wakatokea uani kwa kuvunja ukuta wa udongo. Nikamuuliza kwa nini hakulisema hilo kizimbani. Akanijibu, "Hawakuniuliza, baba. Niliulizwa nilimwona nani, nikasema."

Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu lingebadilisha adhabu, na huenda hata shitaka lenyewe.

Angalia kosa liliandikwaje

Kabla hujasema adhabu ni ndogo, jua kikomo chake. Kuchoma moto jengo kwa makusudi na bila haki, liwe limekamilika au halijakamilika, ni kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Katika toleo la 2022 la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kifungu cha 319. (Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limepanga namba upya, kwa hiyo usibishane na karani kuhusu namba; taja jina la kosa.) Kifungu hicho hicho kinagusa chombo cha majini, jambo ambalo watu wa pwani hawalijui: anayechoma ngalawa au mashua yako yuko kwenye kosa lile lile la anayechoma nyumba. Kinagusa pia lundo la mazao lililopangwa. Lakini mazao yakiwa bado yamesimama shambani, au yamekatwa tu, hilo ni kosa jingine na kikomo chake ni miaka 14. Kujaribu kuchoma jengo nako kikomo ni miaka 14.

Sasa tuelewane. Maisha ni kikomo, si lazima. Sheria inasema mtu "atastahili" kifungo cha maisha, maana yake hakimu anaweza kushuka, na Kanuni ya Adhabu inaruhusu hata faini badala ya kifungo pale ambapo sheria haikuweka adhabu ya chini. Anaweza pia kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa hiyo usiandike kwamba hakimu "amevunja sheria kwa kutompa maisha". Barua ya namna hiyo inakufa kwenye mstari wa kwanza.

Kuna na jambo la mamlaka ya hakimu. Hakimu wa kawaida, kwa kosa lisilo na adhabu ya chini kisheria, hawezi kuvuka miaka 5 kwa mamlaka yake. Hakimu mkazi mwandamizi hafungwi na mpaka huo. Ukiona miaka 5 kwenye karatasi, angalia kwanza cheo cha aliyeitoa. Huenda alitoa yote aliyokuwa nayo.

Na kama aliyechoma ana umri chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hapo unachokiona kama upole ni amri ya sheria. Kubali, uhamishe nguvu zako kwenye fidia.

Jifunze jaji anatafuta nini

Rufani ya adhabu haisikilizwi kwa swali la "wewe ungetoa miaka mingapi?" Tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwenye uamuzi wa 1954 ambao mawakili wanautaja mpaka leo, msimamo ni kwamba mahakama ya juu haigusi adhabu kwa sababu tu majaji wake wangetoa tofauti kidogo. Inaigusa pale hakimu alipofuata kanuni isiyo sahihi, alipoacha jambo zito la kuzingatia, alipozingatia jambo lisilohusika, adhabu inapokuwa kinyume cha sheria, au inapokuwa ndogo au kubwa kiasi kwamba kosa liko wazi kwa kila anayeitazama.

Kwa uzoefu wangu, sababu inayoshika zaidi kwenye kesi za moto ni hiyo ya kuacha jambo zito. "Ndogo mno" peke yake ni maoni. "Ndogo mno kwa kuwa hakimu hakugusa hili na hili, na yapo ukurasa wa nane" ni hoja.

Mambo mazito ya moto ni yapi? La kwanza kabisa ni watu kuwamo ndani, na mchomaji kujua wamo. Moto wa mchana kwenye banda tupu na moto wa saa nane usiku kwenye chumba cha wajukuu si kitu kimoja, ingawa shitaka linaweza kuandikwa kwa maneno yale yale. Halafu maandalizi: petroli iliyonunuliwa, mlango uliozibwa, vitisho vya siku za nyuma mbele ya mashahidi. Halafu hatari kwa majirani. Hapa watu wa pwani tuseme kwa sauti, kwa sababu jaji aliyekulia bara huenda hajaona makuti yakiwaka. Paa la makuti wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, likishika moto cheche zinaruka juu ya nyumba mbili na kutua ya tatu. Kijiji kizima kinakuwa mtegoni. Shahidi akilieleza hilo na likaandikwa, ni jambo zito.

Sababu ya moto nayo ina uzito. Kuna nyumba za wazee zinazochomwa kwa tuhuma za uchawi, kuna zinazochomwa kwa mgogoro wa shamba, kuna mke aliyeondoka akafuatwa kwao. Anayechoma ili kumhamisha mtu au kumnyamazisha shahidi yuko mbali na mlevi aliyetupa kijinga cha moto kwa hasira. Kisha kilichopotea: nyavu, cherehani, hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Orodhesha riziki, siyo fanicha tu.

Upande wa pili usiufiche, kwa maana wakili wa serikali atauona na jaji pia. Kukiri kosa mapema, kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, muda aliokaa mahabusu, ugonjwa wa akili uliothibitishwa, fidia aliyokwisha kulipa: yote hayo hupunguza kwa haki. Mahakama ya Tanzania imetoa miongozo ya utoaji adhabu mwaka 2023 inayomtaka hakimu apime pande zote mbili. Adhabu nyepesi mara nyingine ni adhabu sahihi. Kama ukurasa unaonyesha hakimu alipima yote na akaeleza, ukubali ukweli usipoteze nauli.

Andika barua ya ukurasa mmoja

Ipeleke kwa Wakili wa Serikali Mfawidhi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa. Kama uko Pangani, Muheza au Mkinga, anza kwa mwendesha mashtaka aliyesimamia kesi yako, muulize ofisi ya karibu iko wapi, lakini nakala ifike mkoani. Usitukane hakimu. Usiseme amekula rushwa; kama una ushahidi wa rushwa, TAKUKURU ndiko kwake, na ni jambo tofauti. Mstari wa katikati unaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwathirika katika kesi hii. Mshtakiwa alitiwa hatiani tarehe fulani na siku hiyo hiyo akahukumiwa kulipa faini. Naomba ofisi yako iitazame adhabu hiyo kabla siku 30 hazijaisha tarehe fulani. Shahidi wa pili, ukurasa wa 8 wa mwenendo, alieleza kuwa watoto wawili walikuwa wamelala ndani. Katika sababu za adhabu, ukurasa wa 21, jambo hilo halikutajwa."

Inatosha. Tarehe ya mwisho uitaje wewe mwenyewe ndani ya barua, kwa adabu, ili asiyehesabu ahesabu. Ambatisha nakala ya hukumu kama unayo. Kama bado, ambatisha barua yako ya kuiomba yenye muhuri. Kisha rudi baada ya siku tano kuulizia, ukiwa umevaa uvumilivu. Wakisema hawatakata rufani, omba wakueleze sababu. Mara nyingi sababu ni ya haki, na ukiijua unalala.

Mambo ambayo hayako kwenye rekodi, kama lile kufuli, usiyapandishe mbele kana kwamba jaji atayapokea. Rufani husikilizwa juu ya kilichoandikwa. Unaweza kumwambia wakili wa serikali, naye atapima, lakini usijenge nyumba juu yake.

Mlango wa pembeni: mapitio

Mahakama Kuu, ambayo kwetu ina masjala yake hapa hapa Tanga mjini, ina mamlaka ya kuita jalada la mahakama ya chini na kujiridhisha kama adhabu ni sahihi na halali. Inaweza kuongeza adhabu kwa njia hiyo, mradi mshtakiwa apewe nafasi ya kusikilizwa kwanza. Haiwezi kumgeuza aliyeachiwa huru kuwa mwenye hatia kwa njia hiyo. Na yule aliyekuwa na haki ya kukata rufani akaiacha, haruhusiwi kuja kuomba mapitio kama njia ya mkato.

Kwa hiyo mwathirika anaweza kuandika barua ya malalamiko kwa Jaji Mfawidhi, na jaji akiona inafaa ataliita jalada. Hiyo si haki ya kudai, ni ombi. Itumie pale adhabu inapoonekana kuwa kinyume cha sheria yenyewe, si pale unapoona tu ni nyepesi.

Baada ya Mahakama Kuu njia inakuwa nyembamba sana. Kesi iliyoanzia mahakama ya chini ikifika Mahakama ya Rufani, huko husikilizwa hoja za sheria tu, na ukubwa au udogo wa adhabu si mojawapo. Ndiyo maana kazi ya Mahakama Kuu ni lazima ifanyike vizuri mara ya kwanza.

Kama kesi yako bado haijaamuliwa

Wewe ndiye mwenye bahati. Hakimu akimtia mtu hatiani, sheria inamruhusu kupokea ushahidi wowote unaofaa wa kumwongoza kwenye adhabu. Wiki moja kabla ya hukumu mwone mwendesha mashtaka, umpe karatasi moja: nani alikuwa ndani, saa ngapi, mlango ulikuwaje, nini kiliungua, thamani yake, familia inalala wapi sasa. Mwombe asiishie kwenye ule mstari mmoja wa "adhabu kwa mujibu wa sheria". Mwombe pia aiombe mahakama amri ya fidia, kwa sababu mahakama ya jinai ina uwezo wa kuitoa.

Na kitu chochote ulichokiokota kwenye majivu, kikabidhi polisi siku ile ile, kikaandikwe. Usikiweke kwenye rambo.

Fidia haisubiri rufani

Kwa yule mama tulichelewa. Ofisi ilisoma barua yake, ikamwita, ikamweleza kwa heshima kwamba haitaomba muda wa nyongeza. Alitoka pale, akakaa kwenye benchi chini ya mwembe kwa muda mrefu. Shikamoo zote zilizopita hakuzisikia.

Kilichobaki kilikuwa madai, na madai yana uzito wake. Mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufani ukapita, au rufani ikaamuliwa, hukumu ile ya jinai ni ushahidi usiopingika kwenye kesi ya madai kwamba alitenda. Huanzi upya kuthibitisha nani alichoma, unathibitisha hasara. Muda wa kudai fidia ya namna hii ni miaka 3. Tafuta nakala ya hukumu iliyothibitishwa, picha za kabla na baada, barua ya serikali ya mtaa, na makadirio ya fundi yaliyosainiwa. Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuruhusu kupata msaada wa bure. Ulizia ustawi wa jamii halmashauri au kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe.

Fundi wake alikadiria miti, udongo, makuti na kazi. Tulimrudisha aongeze cherehani na mafungu ya nguo za wateja yaliyokuwa ndani, kwa sababu mama alikuwa fundi nguo na hakuna aliyekuwa ameliandika hilo popote.